Lafudhi ya Mkono wa Kushoto

Sigor,
11 Septemba 2023

Mwalimu Ogada,

Chamgei. Nimeambiwa wewe ni mtu wa ziwani, lakini umekaa Kiptere na sisi Wakipsigis miaka mingi, kwa hivyo salamu hiyo hutakosa la kuniitikia.

Hunijui. Mimi ni Chepkosgei, binti ya Janeffer, uliyemfundisha katika shule ya viziwi alipokuwa msichana. Pengine utamkumbuka kwa kile kicheko chake kikubwa ambacho yeye mwenyewe hajawahi kukisikia. Alipomaliza shule alichuma chai katika shamba moja la wenyewe upande wa Kericho, akanizaa huko, na mgongo ulipochoka tukarudi hapa Sigor kwao. Baba simjui. Tumeishi wawili, na lugha ya nyumba yetu ni ya mikono. Hapa hakuna mwingine anayeijua. Mjomba Johana, kaka yake mama, anajua “kula” na “njoo” tu, na hiyo “njoo” yake ni ya kuitia ng’ombe.

Mwezi wa sita mama alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia umelala, mguu wa kulia unaburuta. Daktari alitazama picha za kichwa akaniambia, “Mama yako ana bahati. Ubongo umeumia upande wa kushoto, upande wa kuongea, na yeye tangu hapo haongei.” Nikashukuru. Nikajiambia, mkono wa kushoto uko mzima, tutaongea kwa huo.

Mwalimu, hatuongei. Mkono wenyewe una nguvu. Anashika kikombe, anafunga vifungo vya sweta. Lakini akitaka kuniambia kitu, vidole vinakuja kama watu waliotoka kulewa, kila kimoja na njia yake. Na tangu augue hajanitaja jina. Siku moja nilimwuliza kwa mikono, “Mimi ni nani?” Akanitazama sana, macho yakajaa maji, kisha akaanza kuchuma chai hewani.

Hicho ndicho anachofanya siku hizi. Anachuma chai, hapa Sigor ambapo hakuna hata mche mmoja. Mjomba anasema akili yake imerudi shambani, kabla sijazaliwa, na huko hakuna mimi. Anataka kumchukua akakae kwake Siongiroi, ambako kuna wake za wanawe wa kumwangalia. Mimi nimepata kazi ya kushona sare za shule Kericho mjini, kuanzia Disemba.

Kama mama ananijua, siendi popote. Kama hanijui, basi kulishwa ni kulishwa, mkono wa mtu yeyote utafaa. Hilo ndilo swali langu. Kuna njia ya kujua?

Anwani yako nilipewa na Dorine, muuguzi, ambaye kwao ni jirani yako. Alisema simu huipendi, lakini barua unajibu.

Chepkosgei


Kiptere,
20 Septemba 2023

Chamgei mising, Chepkosgei. Unaona, sikukosa la kuitikia.

Mama yako namkumbuka vizuri. Alikuwa mwanafunzi wa kunisahihisha. Nikifanya ishara kwa uvivu, alikuwa akinishika kidole mbele ya darasa na kukiweka panapofaa, kisha anacheka kile kicheko, na wenzake wanacheka kwa kumwona yeye akicheka. Mke wangu Adongo, aliyekuwa matroni wa shule na kiziwi tangu utotoni, alimpenda mno. Alisema, “Huyo ana mikono inayotamka.” Adongo alifariki miaka mitatu iliyopita. Sasa nyumba hii ni yangu na birika.

Daktari wako hakukudanganya kwa makusudi. Watu wengi huamini hivyo hivyo, kwamba lugha ni mdomo na sikio, na kwamba anayeongea kwa mikono anatumia sehemu nyingine ya kichwa, ile ya kuona au ya kusogeza viungo. Mimi nilifundisha miaka mingi kabla ya kujua sivyo.

Nikueleze kwa kitu unachokijua. Majani ya chai hufika kiwandani kwa njia nyingi. Mengine huja kwa lori kutoka shamba kubwa, mengine kwa kikapu cha mgongoni kutoka kwa mama mwenye miche michache nyuma ya jiko. Lango ni tofauti. Lakini yakishaingia ndani, yote hunyaushwa mahali pamoja na kukatwa kwa visu vilevile. Kiwanda hakiulizi jani limekuja na nini. Kinauliza tu, hili ni jani la chai?

Ubongo nao ni hivyo. Neno la kusikia huingia kwa lango la sikio, la ishara huingia kwa lango la jicho. Lakini ndani, upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio, kuna kiwanda kimoja cha maneno, na hakiulizi. Wataalamu waliwachunguza viziwi waliopatwa na kiharusi. Mmoja aliyeumia upande wa kulia alishindwa kuchora hata nyumba, kuta zikakataa kukutana, lakini ishara zake zilitoka safi. Mwingine, aliyeumia kushoto, alichora nyumba nzuri yenye mlango na madirisha, na hakuweza kukuambia kwa mikono kwamba ni nyumba.

Kwa hivyo ubaya ni huu, binti yangu: kiharusi hakikupita kando ya lugha ya mama yako. Kiliingia kiwandani. Mkono wa kushoto ni mzima, lakini unapokea majani yaliyoharibikia ndani.

Sasa tazama jambo moja. Mwombe akuonyeshe jinsi ya kufagia, bila ufagio. Kisha mwonyeshe ufagio wenyewe na umwulize unaitwaje kwa ishara. Hayo ni mambo mawili. Kuigiza ni kazi ya mwili, huweza kubaki. Kutaja ni lugha. Pia mwambie kwa ishara afungue mlango, lakini usiutazame mlango wala kuuonyesha kwa kidevu, maana sisi wenye macho tunasaidiana bila kujua. Kisha uniandikie.

Usiharakishe lolote na mjomba wako.

Eliakim Ogada

(Wanafunzi waliniita kwa kupangusa kiwiko, kwa kuwa nilizoea kufuta chaki kwa mkono wa shati. Mama yako ukimkumbusha hivyo pengine atacheka. Tangu Adongo aende, hakuna aliyeniita kwa jina hilo.)


Sigor,
5 Oktoba 2023

Mwalimu,

Asante kwa barua. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa na hasira na daktari, na mara ya pili nikiwa na hasira na wewe, kwa sababu yeye angalau alinipa bahati.

Nimefanya ulivyosema. Kufagia alifagia. Aliinama kidogo, mkono wa kushoto ukaenda huku na huku, hata akakunja uso kwa vumbi ambalo halipo. Nilicheka. Kisha nikamwonyesha ufagio. Mkono ukapanda kwenye paji la uso, ukashuka, ukasimama hewani kama umesahau ulikokuwa ukienda. Akautazama ule mkono wake. Akaupiga pajani. Sikuuliza tena.

Nilipomwambia afungue mlango, alifungua. Nilipomwambia alete kikombe chekundu kilicho chini ya meza, alisimama katikati ya nyumba, hakwenda mbele wala nyuma. Nikamwambia aketi.

Kuhusu ile kuchuma. Anachuma nikitoka kwenda sokoni kwa cherehani yangu, na anachuma nikirudi. Vidole vitatu, gumba na viwili vya kwanza, hapa kifuani upande wa kushoto. Anabana, anavuta na kupinda kidogo. Anarudia. Nikimletea chai anasukuma kikombe, juzi alikimwaga. Mjomba alikuja akakaa naye mchana mzima nikiwa sokoni, akasema siku hiyo hakuchuma, alitulia tu akiangalia barabara. “Unaona,” akaniambia, “kwangu atapumsika. Hapa anafanya kasi kama kibarua.” Mjomba ni mtu mzuri, usimfikirie vibaya. Alisema hivyo huku akimkatia dada yake kucha.

Jioni tunakaa. Zamani wakati huo tulikuwa tunamteta kila mtu wa Sigor, na hakuna aliyejua. Mwenye duka akipita mlangoni, mama alimwigiza tumbo lake kabla hajatupa kisogo. Sasa tunakaa kama watu wawili wanaongojea gari.

Niambie ukweli. Hiyo kuchuma ni neno au si neno?

Chepkosgei


Kiptere,
14 Oktoba 2023

Binti yangu Chepkosgei,

Umeniomba ukweli, na mwalimu akiulizwa hujibu hata pale ambapo angenyamaza.

Si neno. Nimeisoma barua yako mara nyingi, nikavitoa na vitabu vyangu vya zamani. Mtu aliyechuma chai nusu ya maisha yake, kuchuma kumekaa katika misuli yake kama kutembea. Lugha inapoondoka, mwili hushika kile unachokijua. Ndivyo alivyofagia vizuri na kushindwa kuutaja ufagio. Kuchuma ni kufagia kwingine. Tena ingekuwa ni ishara ya chai tuliyoitumia shuleni, ingefanana na kunywa, si kuchuma. Na mwenyewe umeona kwamba chai haitaki. Usiichukulie kuwa neno, utajiumiza bure kumjibu mtu ambaye hakuulizi.

Kama anakujua moyoni, siwezi kusema. Hakuna mashine wala kitabu kinachopima hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba jina lako halipo tena mkononi mwake. Samahani.

Huku ilinyesha mvua ya mawe wiki hii. Chai yote ya kilimani imepigwa, majani yamebaki matambara. Nilisimama dirishani nikamwambia Adongo, “Tazama.” Nilimwambia kwa mikono, bila shaka, maana ndivyo tulivyoambiana kila kitu kwa miaka yote ile. Mikono ikishazoea mtu haikubali kuambiwa kwamba hayupo. Majirani wanaponiona kwa dirisha hudhani mzee anafukuza nzi.

Hukuniambia wewe unaitwaje kwa ishara. Ningependa kujua, ingawa haisaidii sasa. Jina la ishara ni kitu cha ajabu. La kanisani hupewa na padri au mchungaji, la nyumbani na bibi zako, lakini la mikono huanza na kitu ambacho mtu fulani alikitazama kwako akakipenda, au akakicheka.

Eliakim Ogada


Sigor,
27 Oktoba 2023

Mwalimu,

Asante kwa kunijibu wazi. Nililia kidogo, sasa nimemaliza.

Nimeongea na mjomba. Atakuja na gari Jumamosi ya tarehe kumi na moja kumchukua mama. Nimefua blanketi zake, nimemshonea magauni mawili yenye vifungo vikubwa ambavyo wake za binamu zangu wataweza kufunga bila kumvuta mkono. Nimewaambia kwamba akigeuza uso upande wa ukuta anataka kujisaidia. Hiyo si ishara, ni aibu yake tu, lakini inafaa kujua. Cherehani nitaipeleka Kericho mwisho wa Novemba.

Tangu barua yako nimeacha kumtazama anapochuma. Nikimwona ameanza, natoka nje kuanua nguo. Ni rahisi hivyo.

Uliuliza jina langu. Nilipokuwa mtoto nilikuwa na kishimo kwenye shavu, bado kipo nikicheka, ingawa siku hizi hukioni. Mama alikipenda. Basi jina langu likawa hivi: anabana shavu lake mwenyewe la kulia kwa vidole vitatu, anavuta na kupinda kidogo, kama anayetaka kukichukua kile kishimo aende nacho. Akiniita kwa mbali, shambani au sokoni, anauinua mkono wote juu, niuone. Akiwa na hasira anafanya haraka mara mbili. Nilipokuwa na umri wa kuona haya nilimwomba anibadilishie, nikamwambia ni jina la kitoto. Akakataa. Akasema, “Kishimo kikijaa nitabadilisha.”

Sasa hata hilo ninalo peke yangu.

Ubaki salama, Mwalimu. Sitakusumbua tena.

Chepkosgei


Kiptere,
9 Novemba 2023

Chepkosgei,

Barua yako ilikaa katika sanduku la kanisa nami nilikuwa na homa sikwenda. Nimeipata leo asubuhi. Hii naituma kwa mkono wa Kiptanui, anayepeleka miche Bomet, na amekubali kuipitisha Sigor. Ningekupigia simu. Ningekupigia dakika hii. Lakini Dorine alikuambia simu siipendi kwa kuwa nilimwambia hivyo. Si kweli. Sisikii tena, binti yangu, na simu niliigawa, wala namba yako sina. Ilianza kabla Adongo hajafa, na hatukujali, kwetu masikio yalikuwa ya kupokelea wageni tu. Alinitania, akasema nimechelewa sana kuhamia kwao. Sasa sisikii na sina wa kunionyesha mkono. Hilo ni langu, tuliache.

Usimwache mama yako aende. Mimi nimekosea.

Chukua barua yako ya tarehe tano Oktoba na hii niliyoipata leo. Kama huna nakala, mimi ninazo hapa mezani, zote mbili ni mwandiko wako. Katika ile ya kwanza unaeleza jinsi anavyochuma chai: vidole vitatu, anabana, anavuta na kupinda kidogo. Katika ya pili unaeleza jina lako: vidole vitatu, anabana, anavuta na kupinda kidogo. Umetumia maneno yaleyale na hukuona. Nami mwalimu nisingeona kama usingenipa jina.

Hukuona kwa sababu jina lako unalijua kama unavyoujua uso wako, zima, hujawahi kulitazama vipande vipande. Ngoja nikuvunjie. Kila ishara ina umbo la vidole, ina mwendo, na ina mahali pake mwilini. Ukihamisha kimoja tu, neno linakuwa jingine, au linakosa kuwa neno. Hivyo ndivyo kiwanda kinavyoharibika kinapoumia: hakichomi majani yote, kinachanganya. Mama yako ameshika umbo. Ameshika mwendo. Kilichomponyoka ni mahali. Jina lako limeteleza kutoka shavuni likaangukia kifuani, na kwa kuwa mkono wa kulia umelala, limehamia upande wa kushoto.

Nilipofika huku kijana, mama mwenye nyumba wangu, Mkipsigis, alinikaribisha jioni ya kwanza akasema, “Mwalimu, karipu, kuna kuku na ukali.” Nikatoka nje kumwuliza mwenzangu ni nani aliyemkasirisha mama huyu. Mwenzangu alicheka hadi akakaa chini. Nilirudi ndani nikala ugali. Yule mama alikuwa ameteleza herufi moja, basi. Hakuna aliyelala njaa mezani pale kwa sababu ya herufi hiyo. Nasi wa ziwani tuna “samba” letu la kulima, ambalo limetulisha vizuri bila ile “sh” yenu. Mnatusikia, mnatusahihisha masikioni mwenu, maisha yanaendelea.

Mama yako anasema ukali, Chepkosgei. Anasema ukali na wewe unamletea kikombe cha chai, naye anakimwaga, maana hakuitisha chai.

Tazama na haya, yalikuwa mbele yangu tangu mwanzo. Anachuma ukitoka. Anachuma ukirudi. Ulipomwuliza wewe ni nani, alichuma, na macho yakajaa maji. Mjomba alipokaa naye mchana mzima hakuchuma hata kidogo, alitazama barabara. Kibarua huchuma hata msimamizi awe nani. Ni mtu anayemwita mwenzake ndiye anayenyamaza mwenzake asipokuwepo.

Nilikuambia usimjibu mtu ambaye hakuulizi. Alikuwa hakuulizi, kweli. Alikuwa anakuita.

Jaribu hivi: anapoanza, ushike mkono wake taratibu, uupandishe hadi shavuni, umwachie amalizie hapo. Kuna waliorudishiwa ishara zao kwa njia hiyo, kidogo kidogo. Usimkaripie. Sijui ni ngapi zitarudi.

Kiptanui ananipungia, gari linawaka. Mwambie mjomba ni kosa langu.

E. Ogada


Sigor,
26 Novemba 2023

Mwalimu,

Kiptanui alifika Jumatatu. Gari lilikuwa limeharibika Bomet, na wewe hukumwambia ni haraka, au ulimwambia naye hakusikia, sijui. Mama alikuwa ameshakwenda tangu Jumamosi.

Nitakuambia jinsi alivyokwenda kwa sababu wewe ndiye pekee wa kuelewa. Nilimkalisha kwenye gari, nikamfunga shali. Alinitazama akaanza kuchuma. Alichuma haraka, mara mbili, halafu tena mara mbili. Nikageuka nikaanza kuanua nguo, na siku hiyo hata sikuwa nimefua.

Haraka mara mbili, Mwalimu. Nilikuandikia mwenyewe maana yake.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Sikumaliza. Nilifunga nyumba nikaenda Siongiroi. Ilikuwa siku ya soko la ng’ombe, barabara imejaa mifugo na matope, nimefika nikiwa kama nimetoka kulima. Mama alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha mjomba, amevaa lile gauni la vifungo, amechanwa vizuri. Walikuwa wamemtunza. Alikuwa anaangalia barabara.

Aliniona mbali. Mkono ukapanda, vidole vitatu, ukaenda kifuani, ukabana, ukavuta, ukapinda. Nilisimama hapo hapo kwenye lango la ng’ombe. Nilimjibu kama ninavyomjibu siku zote, nikapiga kifua changu kwa kiganja: “Ndiyo, ni mimi, nasikia.” Alicheka. Kile kicheko, Mwalimu. Kuku walikimbia.

Mjomba alitoka ndani ya nyumba. “Wewe si ulisema hakujui?”

“Ananijua, mjomba. Anasema ukali.”

“Nani mkali?”

“Hakuna mtu mkali.”

“Umesema kuna ukali.”

“Hapana, mjomba, ni lafudhi. Mama ana lafudhi.”

Alinitazama kama mtu anayetaka kuniuliza kama nimekula. Kisha akamtazama dada yake, ambaye alikuwa bado anacheka na bado ananiita, na mimi bado najibu. Akasema, “Mama yako alikuwa akicheka hivyo kabla ya ukonjwa. Tangu aje hapa hajacheka.” Akaingia kumwambia mkewe aongeze unga. Kesho yake aliturudisha mwenyewe, na njiani aliniomba nimfundishe kusema “dada.” Nimemfundisha. Yake pia ina lafudhi.

Kazi ya Kericho nimewaandikia kwamba siji. Wamesema sawa, kuna wengine.

Sasa nikuambie la kuuinua mkono, maana najua unangoja matokeo. Nilifanya kama ulivyosema, wiki nzima. Nikimshika mkono na kuupandisha shavuni, anakubali, anamalizia hapo vizuri kabisa, unafikiri amepona. Nikiuachia, jina linashuka tena kifuani. Siku ya mwisho alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nikiwa mdogo, nikikataa kuoga. Akanishika kidole changu, akakiondoa kwenye mkono wake.

Basi nimeacha. Yeye hawezi kupanda, nimeshuka mimi. Jina langu halipo tena shavuni. Liko kifuani, upande wa kushoto, na nikimtajia mimi ni nani, hapo ndipo ninapojitaja. Kishimo hakijajaa, lakini amebadilisha.

Mengine hayajarudi. Ufagio bado hana. Hatumteti mtu jioni. Mimi namteta mwenye duka peke yangu, naye anatazama mikono yangu, na wakati mwingine anacheka mahali panapofaa, na wakati mwingine siyo. Kuna siku nazungumza nusu saa nzima na narudishiwa jina langu tu. Ni upweke pia huo, sikufichi. Lakini si ule wa kwanza.

Na kuna jambo nimekuwekea mwisho. Nilimpa ile habari ya kiwiko. Nilipangusa kiwiko changu nikamwuliza kwa uso, “Unamkumbuka?” Nilidhani atachanganya. Lakini mkono wa kushoto ukaenda polepole kwenye ule mkono wake uliolala, ukapangusa kiwiko, mara moja, mahali pake hasa. Jina lako halikuteleza, Mwalimu. Nilikuonea wivu kidogo.

Kwa hivyo njoo. Mjomba atakuchukua Bomet, atakuwa na kofia ya kijani, na usihangaike kumsikia, anarudia maneno hata kwa wanaosikia. Mama atakuwa na mtu wa lugha yake wa kumtazama mikono. Mimi nitakuwa na mtu wa kumteta mwenye duka naye. Na wewe hapa masikio hayatakuwa na kazi.

Kukiwa na mbwa langoni, usiogope, amefungwa. Sitakuita kwa sauti. Ukiona wanawake wawili wamesimama mlangoni wanapangusa viwiko, ujue ni wewe.

Chepkosgei,
wa kifuani